Nilimwuliza Mungu Mizigo Ikiwa Imeshafungwa

Barua ya kuacha kazi niliiandika usiku, mwisho wa Oktoba 2019, nimekalia kigoda jikoni kwetu Buswelu, Mwanza. Taa ya sebuleni sikuiwasha, maana mume wangu angeamka aniulize naandika nini. Nilimulika kwa tochi ya simu. Kesho yake saa mbili asubuhi barua ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, na jioni ndipo nilipomwambia mume wangu kwamba Mungu amesema nami, nami nimetii.

Naanza na kigoda kile kwa sababu kila nilipojaribu baadaye kuelewa mambo yaliharibikia wapi, nilirudi pale. Nilikuwa nafanya jambo nililoliita la Mungu, huku nikijificha, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini jambo la Mungu lihitaji giza. Namwandikia ndugu ambaye leo ana neno moyoni, ana barua kwenye begi, na anaona siku zinamkimbia.

Nilikuwa nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 11. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yalifurika, na mwaka ule darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 124, wengine wanakaa sakafuni na kuandikia mapajani. Daraja langu lilikuwa limechelewa kupanda. Mimi na mkuu wangu tulikuwa hatuelewani tangu Pasaka. Nikifika nyumbani naoga, nakula, nalala. Kusali nilisali, ila sala yangu ilibaki mstari mmoja tu: Bwana, nitoe hapa. Naomba msomaji aukumbuke mstari huo.

Pamoja na uchovu huo nilikuwa na ndoto ya kweli, niliyokuwa nayo tangu chuo cha ualimu: kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo. Nilizaliwa kuwa na watoto wa umri ule, na hilo sijawahi kulitilia shaka. Mwanzoni mwa Oktoba mwalimu mwenzangu akanialika kwenye mkesha wa kikundi cha maombi. Saa nane usiku mtumishi akaninyooshea kidole. "Mama mwenye kitenge cha bluu. Naona watoto wengi wanakuzunguka. Naona mlango. Lakini Bwana anasema mlango huu haukai wazi siku nyingi. Usipoingia mwaka huu, atapewa mwingine." Nililia mpaka kitenge kikalowa. Baada ya maombi nikaambiwa neno kama hilo hulindwa kwa sadaka ya mbegu. Asubuhi nilituma shilingi laki sita kwa simu, karibu yote iliyokuwa akiba ya ada.

Simhukumu mtumishi yule. Ila yale aliyoyasema yalikuwa na vipande viwili, na mimi niliviunganisha kuwa kimoja. Watoto wengi wananizunguka: hilo angeweza kuliona yeyote aliyejua mimi ni mwalimu, na wenzangu wa mkesha walijua pia kiu yangu ya kituo. Kipande cha pili kilikuwa haraka. Hicho ndicho kilichoniendesha.

Siku zilizofuata kila kitu kikageuka kuwa ishara. Mtu akanipigia akiulizia kiwanja changu cha Igoma ambacho sikuwa nimekitangaza. Nikapita njia nisiyoipita kila siku nikaona nyumba inapangishwa, ina uwanja na mwembe mkubwa. Redioni mhubiri anasema, "Inuka uende." Nikajiambia: haya, Mungu aseme mara ngapi? Siku hizo sikukumbuka kwamba Yona naye alipofika Yafa alikuta merikebu iko tayari kwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na alikuwa anamkimbia Mungu.

Kuna jambo moja ambalo kwa muda mrefu nililiruka kila nilipotoa ushuhuda huu. Wiki mbili kabla ya kuandika barua nilichukua mkopo wa milioni tano kwenye SACCOS ya walimu, kwa dhamana ya mshahara ambao nilishaamua kuuacha. Walimu wenzangu wawili wakanidhamini. Nilipoulizwa mkopo ni wa nini nikasema, ukarabati wa nyumba. Huo ulikuwa uongo, na niliusema nikiwa nimetoka kufunga siku tatu. Leo mtu akiniambia ana neno kutoka kwa Bwana, kabla sijamuuliza aliota nini namuuliza kwanza: ili litimie, kuna mahali inabidi udanganye? Kama lipo, basi lile neno halijaiva, au si lake.

Gharama zilianza mapema. Niliacha kazi kwa notisi ya saa 24, kwa hiyo nikarudisha mshahara wa mwezi mmoja. Kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii nilikuwa na michango ya miezi kama 132, na ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi inatakiwa miezi 180. Ilibaki miaka minne. Hilo sikulijua siku naandika barua, kwa kuwa sikuuliza. Nilidhani kuuliza ni kukosa imani.

Kiwanja nikakiuza milioni nne. Jirani aliuza cha ukubwa uleule mwaka uliofuata kwa milioni saba na nusu. Mume wangu alitakiwa kutia sahihi ya ridhaa, akatia bila neno. Nilifurahi, nikadhani amekubali. Miezi mingi baadaye aliniambia, "Mama, ulishasema Mungu amesema. Mimi ningebishana na nani?" Sentensi hiyo iliniuma kuliko hasara yote. Nilikuwa nimelitumia jina la Mungu kumfunga mdomo mtu ambaye Mungu huyohuyo amenipa wa kuniambia ukweli.

Mtu mmoja hakufungwa mdomo. Mama yangu yuko Bukoba vijijini, ni mlokole wa siku nyingi, wa wale waliolelewa na uamsho uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, wanaoimba "Tukutendereza" na kutembea nuruni, yaani kuungamana makosa mbele ya ndugu bila kuficha. Nilimpigia simu Desemba, kila kitu kikiwa kimekwisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo Mungu wako ana haraka kama mnunuzi wa butura."

Asiye wa Kagera hataelewa mara moja. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au punje za kijani mtini. Mnunuzi anakuja wakati huna kitu: ada imedaiwa, mgonjwa yuko hospitali. Anakuhesabia miti, anakupa hela kidogo mkononi, na msimu ukifika kahawa nyekundu ni yake. Serikali imeipiga vita miaka mingi na bado watu wanaingia, kwa sababu njaa ni ya leo na kahawa inataka miezi tisa na zaidi kutoka ua mpaka kuiva. Tabia ya mnunuzi huyo ni moja. Hakuachi ulale, uamke, ufikiri. Anajua ukisubiri bei itakuwa nyingine.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Waitu mama, hujui Mungu anavyotembea siku hizi." Sikumpigia tena mpaka Februari.

Kituo kilifunguliwa Januari 2020. Nilitarajia watoto arobaini, wakaja tisa. Kila mmoja elfu arobaini kwa mwezi: laki tatu na sitini. Kodi laki mbili na nusu, mpishi laki moja na ishirini, msaidizi laki moja. Tayari nimezidiwa na sijanunua hata unga wa uji. Hesabu hiyo ni ya mistari minne, ningeweza kuiandika nyuma ya bahasha kabla ya kuacha kazi. Kodi ya miezi sita nilishalipa, uzio na vyoo vidogo vilikula milioni moja na laki nane, na magodoro thelathini yakamaliza kilichobaki mfukoni. Februari akaja ofisa ustawi wa jamii, dada mpole, akakuta sina usajili. Akanieleza kwa utaratibu kinachotakiwa: maombi yapitie halmashauri, bwana afya akague, zimamoto wakague, walezi wawe na mafunzo. Akanipa muda. Nikaenda kwenye maombi kumkemea adui anayezuia huduma yangu. Mungu anisamehe, dada yule alikuwa anafanya kazi yake, na alikuwa ananiambia kile ambacho angeniambia bure mwaka mmoja kabla kama ningepita ofisini kwake.

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ikafunga shule kwa sababu ya korona. Wazazi hawakuhitaji kuambiwa, watoto hawakuja kesho yake. Aprili, taifa lilipoitwa kwenye siku tatu za maombi, mimi niliomba nikiwa ndani ya chumba kile. Magodoro ishirini na moja yalikuwa bado kwenye nailoni. Ukutani kulikuwa na misumari thelathini ya kutundikia mabegi, chini ya kila msumari kikaratasi cha jina. Vikaratasi tisa vilikuwa vimeandikwa, vingine vitupu. Niliketi nikavitazama vile vitupu mpaka giza likaingia.

Wengi waliniambia, "Umeona? Haikuwa sauti ya Mungu, ndiyo maana kimefungwa." Hapo sikubaliani, mpaka leo. Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia, akavuka kwenda Filipi, na Filipi ilimpokea kwa fimbo na gereza. Maono yalikuwa ya kweli. Wapo waliofungua vituo Januari ile kwa utii safi, nao wakafungiwa Machi kama mimi. Tukianza kuhukumu sauti ya Mungu kwa matokeo peke yake, tutamwita Mungu kila aliyefanikiwa na shetani kila aliyepata hasara. Korona haikunionyesha kosa langu. Ilininyamazisha tu, nikapata nafasi ya kuliona.

Wadhamini wangu walianza kukatwa akiba zao Mei. Mmoja alinisamehe siku ileile. Mwingine alikuwa anamsomesha mtoto sekondari, akasema maneno niliyostahili, kisha akaacha kuongea nami.

Desemba 2020 nilipanda MV Victoria kwenda kwa mama. Usiku kucha sikulala, nilisimama nje nikisikiliza injini. Nyumbani alinipokea kama vile sijawahi kumnyamazia miezi. Jioni wakaja ndugu zake wa ushirika, wazee sita, wakaimba, wakanipa nafasi ya kusema. Nilisema yote mpaka mkopo. Hakuna aliyenishangaa. Mzee mmoja akafungua Yeremia 42, akanisomea polepole, na nusu ya sura sikuwa nimewahi kuisikia kwa masikio yale.

Yerusalemu imeanguka. Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli, ameuawa. Mabaki ya watu wanaogopa kisasi, wamekwenda karibu na Bethlehemu, safari yao ni Misri. Wakiwa hapo wanamwendea Yeremia: tuombee kwa Mungu, atuonyeshe njia, na likiwa jema au likiwa baya tutatii. Yeremia anaomba. Siku moja, kimya. Siku mbili, kimya. Jibu linakuja baada ya siku kumi, na watu wako hatarini, kila saa ina thamani yake. Jibu ni: kaeni hapahapa. Nao, sura ya 43 ikianza, wanamwambia Yeremia, unasema uongo. Wanaondoka kwenda Misri, na yeye wanamchukua.

Mzee akafunga kitabu akaniuliza, "Hawa walipokuja kuuliza, walikuwa wameelekea wapi?"

"Misri."

"Basi hawakuja kuuliza njia. Walikuja kuombewa nauli."

Nililia tena, kilio kingine kabisa. Sala yangu yote ya 2019, ile ya mstari mmoja, ilikuwa sala ya mtu aliyeshafunga mizigo. Bwana, nitoe hapa. Sikuwahi kumwuliza kama nitoke. Tangu siku hiyo, kabla ya kumwomba Mungu aseme juu ya jambo kubwa, huwa naomba kwanza niweze kufurahia jibu la "hapana". Nikiona hapana inanikasirisha hata kabla haijasemwa, najua sijafika mahali pa kuuliza. Mara nyingine huchukua wiki kadhaa. Hizo wiki si za kupotea bure, ndimo kazi nyingi inamofanyika.

Mama alinipa agizo moja tu wakati wa kuondoka: nimwungamie mume wangu mkopo na uongo wa mkopo. Nikasema nitafanya, ila nasubiri wakati wa Mungu. Akanitazama. "Kuomba msamaha hakuna majira. Ni leo." Nami bado nilichelewesha mpaka Februari, nikijipamba kwa maneno ya kiroho. Hapa nina neno kwa wanaopenda sana mafundisho ya kungoja: kusubiri nako kunaweza kuwa uasi. Kulipa deni, kusema kweli, kurudisha cha mtu, kumtunza mgonjwa wako, hayo hayangoji ndoto wala nabii. Majira tunayotakiwa kuyapambanua ni ya yale ambayo Mungu hajayaamuru tayari.

Mwaka 2021 nilipata kazi shule binafsi, mshahara mdogo kuliko wa zamani, nikaanza kuwalipa wadhamini wangu laki moja moja. Pale kazini kulikuwa na mwalimu Mkatoliki, mama mtu mzima, tukawa tunakunywa chai pamoja. Siku moja alinisimulia juu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: mwaka 1521 akiwa askari alivunjwa mguu na risasi ya mzinga pale Pamplona, akalazwa miezi akiota mchana. Akiwaza sifa za vita na mabibi wakubwa, anafurahi, lakini mawazo yakipita anabaki mkavu. Akiwaza kuishi kama watakatifu anafurahi pia, na furaha inabaki hata baada ya mawazo kupita. Kutokana na ule mguu uliovunjika akaanza kujifunza kupima roho kwa kile kinachobaki. Na alifundisha jambo ambalo mimi Mlutheri sikuwahi kulisikia kwetu likisemwa wazi hivyo: wakati wa ukiwa, roho ikiwa kavu na imechoka, usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa amani.

Niliacha chai ikapoa. Oktoba 2019 nilikuwa nani? Mwanamke aliyechoka, mwenye kinyongo na mkuu wake, asiyelala vizuri. Nikichunguza kwa ukweli, furaha ya mkesha ule ilidumu siku nne. Siku ya tano nilihitaji ishara nyingine ili niendelee, na ya sita nyingine. Nilikuwa naichochea kama jiko la mkaa uliolowa. Ningechukua likizo kwanza. Ningelala. Ningeomba hata likizo bila malipo kabla ya kujikatia njia ya kurudi.

Nikanunua daftari. Nilichojifunza kuandika humo ni kidogo: tarehe, maneno yenyewe niliyoyasikia au kuyasoma, kisha chini ya mstari, kile nilichokielewa mimi. Vitu hivi viwili huwa mbali kuliko unavyodhani. "Naona watoto wengi" iko juu ya mstari. "Acha kazi mwezi huu" ilikuwa chini, hakuna aliyeitamka. Baada ya siku saba nasoma tena bila kuombea, nasoma tu, naangalia kama amani bado ipo au kimebaki kiherehere.

Juni 2022 mchungaji wetu akaniita. Usharika una jengo la kituo cha watoto lenye usajili tayari, mlezi mkuu amestaafu, wanamtafuta mwingine. Mshahara laki tatu na nusu. Nilikokuwa nalipwa laki nne na nusu. Moyo uliruka, na kwa sababu uliruka nikaomba miezi mitatu. Mchungaji akasema anaweza kupewa mtu mwingine ndani ya muda huo. Nikamwambia, kwa heshima zote, basi atakuwa ni wa huyo.

Sasa nieleze tulivyofanya, maana huenda ikamfaa mtu. Jambo hili mume wangu alilijua siku ileile, na nikamwomba yeye aombe peke yake bila mimi kumwambia ninaelekea wapi. Alichukua wiki tano. Zilikuwa ndefu, na mara mbili nilitaka kumdokeza. Julai nilikwenda kwa yule dada ofisa ustawi wa jamii, nikamwomba radhi kwa niliyoyasema juu yake kwenye maombi, akacheka, akaja kulikagua jengo na kunionyesha vyoo viwili vya kurekebisha. Kisha nikalipeleka kwenye jumuiya yetu. Sikutafuta watu wanaonipenda peke yake, nilimwomba mzee mmoja mhasibu mstaafu ambaye hana tabia ya kumfurahisha mtu. Akauliza, "Usharika ukikosa mshahara wako miezi miwili mfululizo, watoto wenu watakula nini?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, tukakaa na mume wangu tukalitafuta jibu mpaka tukalipata: duka dogo la dadake, na kupunguza vitu vitatu ambavyo sitavitaja. Nabii hakuwahi kuniuliza swali kama la mzee yule. Kama kuna jambo moja ningependa ndugu alishike katika haya, ni kumtafuta mtu wa namna hiyo, asiyefaidika na ndiyo yako.

Agosti nilikuwa nasoma Yeremia tena, sura ya 32. Bwana anamwambia kwamba Hanameli, mwana wa mjomba wake, atakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Hanameli anakuja kweli, anasema maneno yaleyale, na ndipo Yeremia anaandika kwamba hapo akajua neno lile ni la Bwana. Nabii mwenyewe alisikia, akangoja, ndipo akajua. Shekeli kumi na saba za fedha akazitoa baada ya kujua.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Alikuwa yule mdhamini aliyeacha kuongea nami, ambaye deni lake nilikuwa nimelimaliza Julai kwa mpesa, bila jibu lolote kutoka kwake. Hakusalimia sana. Akasema, "Nasikia kanisani kwenu kituo hakina mtu. Ungekuwa wewe unakisimamia, mtoto wangu wa mwisho ningemleta kwako." Sikuwa nimemwambia, na waliojua jambo langu hawamfahamu. Nilishindwa kuongea. Najua ishara zinavyoweza kumdanganya mtu anayezitaka, nami nimezifuata hadi shimoni. Lakini hii ilitoka kwa mtu niliyemuumiza, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunifurahisha, na ilikuja wakati siitafuti. Niliiandika juu ya mstari, maneno yake yaleyale. Chini ya mstari siku hiyo sikuandika kitu.

Mume wangu alitoa jibu lake Septemba: twende, lakini umalize mwaka shuleni, usiwaachie watoto wa watu katikati ya mitihani. Nikatoa notisi ya kawaida. Januari 2023 tulianza na watoto 14. Magodoro yangu yaliyokuwa kwenye nailoni ndiyo wanayolalia mchana. Usharika ulikosa mshahara mara moja, mwezi wa tano, na duka lilitubeba. Zipo siku nachoka na kulia pale pia, kazi ni kazi. Tofauti ni kwamba nikichoka naweza kusema kwa mume wangu, kwa mchungaji, kwa mama, bila kuogopa kwamba nikikiri uchovu nitaonekana nilimsingizia Mungu.

Watu huniuliza kama nilipoteza miaka mitatu. Ndoto ilikuwa ileile na watoto ni walewale wa umri ule, na huenda kweli Mungu alinionyesha watoto usiku ule wa kitenge cha bluu. Niliiuza ikiwa ua. Mama anasema mti wa kahawa uliouzwa butura haufi, msimu mwingine unachanua tena, ila ule msimu ulishakwenda na familia ililala njaa. Hasemi zaidi ya hapo, anaendelea kumenya ndizi.

Wiki iliyopita mume wangu ameitwa kazi Bukoba, kusimamia maghala ya mfanyabiashara mmoja. Mshahara ni mzuri, karibu mara mbili, na ni karibu na mama ambaye sasa anatembelea fimbo. Mwenye kazi anataka jibu Ijumaa. Jana usiku mume wangu alimpigia akamwomba wiki tatu, akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho, wapo wengine wanaoitaka. Akamshukuru, akakata simu, akaja mezani, akalivuta daftari upande wake. Aliandika tarehe, akaandika maneno ya yule bwana kama yalivyo, akapiga mstari. Akakaa na kalamu mkononi kitambo, kisha akalifunga daftari bila kuongeza neno. Tukapiga magoti, taa ya sebuleni inawaka.